Siku Moja Maishani Mwangu: Kufundisha Kusoma, Kuandika na Kutafiti

Saa 1:00 asubuhi. Natafuta kifungu cha siku. Kwa wanafunzi wa miaka 12, maneno 150 hadi 200 yanatosha. Nakipitia nikihesabu maneno magumu. Yakizidi matano katika kila mia, nabadilisha kifungu, kwa sababu msomaji anayekwama kila mstari humaliza nguvu kwenye maneno na maana ikampita. Leo tunasoma kuhusu nyuki.

Saa 2:00. Kipindi cha ufahamu. Makundi ya wanne, kila mmoja na kazi yake: kutabiri, kuuliza, kufafanua na kufupisha. Mbinu hii ilielezwa na watafiti Annemarie Palincsar na Ann Brown mwaka 1984, na ingali inafaa sana. Kazi zizunguke kila aya, la sivyo mwanafunzi mwenye sauti kubwa atafupisha hadi mwisho wa mwaka. Panapolegea zaidi ni kwenye kufafanua, maana hakuna anayetaka kukiri mbele ya wenzake kwamba hajaelewa. Kwa hiyo kila kundi lazima lilete maneno au sentensi mbili zilizolitatiza. Kutoelewa kunageuka kuwa sehemu ya kazi, na aibu inapungua.

Saa 3:00. Swali la utafiti. “Nyuki” ni mada tu, bado si swali. Tunaibana ubaoni: nyuki, mawasiliano ya nyuki, halafu, “Nyuki aliyepata maua huwaelezaje wenzake yalipo?” Swali zuri halijibiki kwa ndiyo au hapana, wala halimaliziki kwa sentensi moja, na lina angalau vyanzo viwili ambavyo mtoto wa umri huu anaweza kuvisoma. Sharti hilo la mwisho husahaulika mno, na mwanafunzi huzunguka wiki nzima mikono mitupu.

Saa 4:30. Maktaba. Katika mpangilio wa Dewey, yaani namba za kupanga vitabu rafuni kwa mada, nyuki kama wadudu wako kwenye 595.7, ilhali ufugaji wa nyuki uko 638. Anayetafuta rafu moja tu hukosa nusu ya vitabu. Kitabu kikipatikana, kwanza faharasa iliyo nyuma, kisha kurasa zilizotajwa. Kukisoma kizima si lazima. Kwenye intaneti, kabla ya kuamini ukurasa, wanafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu aliyeuandika. Muuza asali anaweza kuwa anasema kweli, lakini ana sababu ya kuisifu.

Saa 6:00 mchana. Kadi za kuandikia tuliyosoma. Hiki ndicho kipindi nisichokubali kukikatiza kwa lolote. Wanafunzi wengi wanaonakili si wavivu. Hawajaonyeshwa hatua iliyopo kati ya kusoma na kuandika. Kitabu kikiwa wazi mbele ya macho, mkono hufuata sentensi iliyopo. Tuseme kitabu kina hii:

“Nyuki mtafutaji akirudi mzingani hucheza akitikisa tumbo, na muda wa mtikiso hueleza umbali wa maua.”

Mwanafunzi anaandika: “Nyuki mtafutaji akirejea mzingani hudansi akitingisha tumbo, na kipindi cha mtikiso huonyesha umbali wa maua.” Maneno yamebadilika, lakini mpangilio ni uleule na mawazo hayajapita kichwani mwake. Huko bado ni kunakili.

Tunafanya hivi: soma aya moja, funga kitabu, mweleze jirani yako kwa mdomo, andika ulichosema, kisha fungua tena kuhakiki ukweli wake. Ndipo inapotoka: “Maua yakiwa mbali, nyuki hutikisa tumbo kwa muda mrefu zaidi.” Kadi moja, wazo moja, na jina la chanzo na ukurasa juu pembeni *kabla* ya kuandika chochote. Wakiliacha la mwisho, hawalikumbuki. Maneno ya mwandishi yakichukuliwa yalivyo, alama za nukuu huwekwa papo hapo.

Saa 8:00. Kuandika. Kadi zinatandazwa mezani na kupangwa mafungu. Kila fungu ni aya. Fungu lenye kadi moja linamrudisha mwenyewe maktaba. Kila aya iwe na hoja, ushahidi na maelezo ya jinsi ushahidi unavyojibu swali. Maelezo ndiyo hukosekana. Mtoto hutaja kwamba Karl von Frisch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, akaishia hapo, asiseme kwamba ni yeye aliyefumbua maana ya ile ngoma ya nyuki. Nauliza pembeni ya daftari: “Kwa hiyo?”

Saa 9:30 alasiri. Kusahihisha. Rasimu ya kwanza naigusa mambo mawili tu: je, kila aya inajibu swali, na kila dai lina chanzo? Tahajia inasubiri rasimu ya pili. Karatasi iliyojaa wino mwekundu humfanya mtoto arekebishe herufi na kuacha hoja mbovu ilivyo. Mwisho naorodhesha waliobaki na mafungu ya kadi moja. Kesho wao ndio wa kwanza kuingia maktaba.