Wachimbaji waliopelekwa vitani

Nimekuwa nikitumia jioni zangu kusoma habari za wachimbaji wa Uingereza waliopigana chini ya ardhi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na jambo lisilonitoka akilini ni kwamba wengi wao hawakuwa askari hata kidogo. Tarehe 20 Desemba 1914 Wajerumani walilipua baruti waliyoifukia chini ya mahandaki ya wanajeshi wa Kihindi huko Givenchy, kaskazini mwa Ufaransa, na Waingereza wakatambua kuwa hawakuwa na watu wa kulijibu pigo la namna hiyo. Mwenye jibu alikuwa John Norton-Griffiths, mkandarasi na mbunge, ambaye vibarua wake walikuwa wakichimba njia za maji machafu chini ya jiji la Manchester. Februari 1915 Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, alimkubalia, na haukupita muda baadhi ya vibarua hao wakawa wamevishwa sare na kufikishwa Ufaransa, karibu bila mafunzo yoyote ya kijeshi.

Walichokuwa nacho ni ufundi. Mchimbaji alijilaza kwenye ubao wenye umbo la msalaba uliosimikwa mshazari, miguu ikielekea ukuta wa udongo, akaisukuma sepetu kwa nyayo zote mbili; mwenzake akalipokea bonge la udongo na kulitia guniani, na mwingine akaliondoa. Kazi hiyo ilikwenda kwa haraka na, lililo muhimu zaidi, kimya kimya, ilhali upande wa pili sururu za Wajerumani zilisikika.

Kusikika huko ndiko kulikoamua nani afe. Wasikilizaji waliketi gizani wakiwa na jiofoni, chombo kilichobuniwa na Wafaransa, chenye visahani viwili vilivyowekwa sakafuni na mipira ya masikioni kama ile ya daktari. Wakivisogeza visahani hivyo mpaka sauti ilingane katika masikio yote mawili, waliweza kujua kwa dira ni upande gani adui anachimba. Kinyume na nilivyodhani, kelele ndizo zilizowapa nafuu, kwa maana adui anayechimba bado hajawa tayari kulipua. Aliponyamaza, huenda alikuwa anapanga baruti. Juu ya hayo kulikuwa na gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, iliyobaki kila baada ya mlipuko, na kwa sababu hiyo walishuka na panya wadogo na ndege aina ya chiriku, ambao hulemewa mapema kuliko binadamu. Wachimbaji stadi walilipwa shilingi 6 kwa siku, mara kadhaa ya ujira wa askari wa miguu, na sishangai kwamba jambo hilo lilizua manung’uniko, ingawa sijui ni nani kati ya walionung’unika angekubali kubadilishana nao nafasi.

Watu wengi husimulia Messines, Ubelgiji, ambako saa tisa na dakika kumi usiku wa kuamkia mapambazuko ya tarehe 7 Juni 1917 mashimo 19 ya baruti, mengine yakiwa yamejazwa zaidi ya mwaka mmoja kabla, yalilipuliwa na Waingereza chini ya Wajerumani kwa karibu wakati mmoja. Naukubali uhodari huo wa uhandisi, lakini siwezi kuushangilia, kwani waliokuwa juu ya mashimo hayo wengi walikuwa usingizini au zamuni.

Namrudia zaidi William Hackett, mchimba makaa ya mawe aliyekuwa amekataliwa na jeshi mara tatu kwa sababu ya umri. Juni 1916, karibu na hapo hapo Givenchy, mlipuko wa Wajerumani uliwafungia chini yeye na wenzake wanne. Baada ya saa 20 waokoaji walipenyeza tundu, Hackett akawasaidia watatu kutoka, kisha akakataa kumfuata yeyote kwa kuwa wa nne, kijana Thomas Collins, alikuwa ameumia vibaya. Udongo uliporomoka tena, na wote wawili wangali humo. Alitunukiwa nishani ya Victoria Cross, ambayo hutolewa kwa ushujaa mbele ya adui. Mimi nadhani alichokifanya alikuwa amekileta kutoka migodini, kabla jeshi halijamtaka.