Siku moja ya mwalimu wa BAM, Mwanza

Watu wakisikia nafundisha hesabu kidato cha sita, wanadhani nina wale vijana wa PCM (fizikia, kemia, hesabu) wanaoota uinjinia. Sina. Mimi nafundisha BAM (Basic Applied Mathematics), hesabu za matumizi ambazo watoto wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) na CBG (kemia, biolojia, jiografia) wanasoma kwa lazima, huku wakijua fika kwamba divisheni inahesabiwa kwa masomo matatu ya tahasusi tu. Mtoto akinipatia A, pointi zake ziko palepale. Wenzangu stafu wananitania kuwa mimi ni mwalimu wa kachumbari.

Saa 11:00 alfajiri. Naamka, naoga maji ya ndoo (bomba letu huku Buhongwa hutoka likijisikia), namalizia andalio la somo. Mada ni linia programingi. Malengo ya kipindi: mwanafunzi aweze kugeuza habari ya maneno kuwa masharti ya hisabati, ayachore kwenye grafu, atafute jibu bora. Chini yake naongeza langu la nne, ambalo silikuti kwenye maandalio ya wenzangu: aeleze jibu hilo lina maana gani kwa mwenye biashara.

Saa 12:20. Daladala, nimesimama shingo upande, tenga la nyanya la mtu limekaa juu ya kiatu changu. Konda ananiita Ticha kwa heshima zote, nauli anachukua kamili.

Saa 1:30 mstarini. Saa 2:20 darasani, vipindi viwili mfululizo, wanafunzi 87.

Naandika ubaoni: mama wa soko la samaki la Mwaloni ana mtaji wa shilingi 960,000. Gunia la dagaa ananunua 80,000, la sato wakavu 120,000. Gari alilokodi linabeba magunia 10 tu. Dagaa wanampa faida ya 15,000 kwa gunia, sato 20,000. Anunue nini? Darasa zima: "Sato, Madam!" Haya, tuchore. Sato watupu ni magunia 8, mtaji umeisha, faida 160,000. Dagaa watupu ni magunia 10, gari limejaa, faida 150,000. Pale mistari miwili inapokatana ni dagaa 6 na sato 4, faida 170,000. Kukawa kimya kidogo. Kimya hicho ndicho kinachonifanya nisiombe kuhamishiwa somo jingine.

Kisha binti mmoja wa Ukerewe akanyoosha mkono. "Madam, hiyo 80,000 ni ya giza au ya mbalamwezi?" Wengine wakacheka, mimi sikucheka. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, taa hazivuti kitu, mitumbwi inakaa ufukweni, bei inapanda. Nikamwambia aje ubaoni abadilishe namba mwenyewe. Akaweka 120,000 kwa dagaa pia, mstari wa mtaji ukasogea ndani, gari likabaki na nafasi. Akajibu mwenyewe: "Hapo anabeba sato tu."

Saa 4:30 ndiyo kwanza nimeshika chapati, naitwa ofisi ya taaluma. Kuna mzazi.

Mzee wa kaunda suti, kofia mapajani. Shikamoo, marahaba, habari za watoto, yote yakaisha vizuri. Halafu: "Mwanangu, nimekuja kumwombea kijana wangu apumzike hii BAM. Mitihani ni mwezi wa tano. Muda huo asome kemia. Huyu anakwenda udaktari." Nikamweleza kwamba asiyesoma hesabu kama somo la tahasusi hana budi kusoma BAM, na kwamba si mimi ninayeruhusu. Akaitikia kwa kichwa, akaanza upya, palepale alipoanzia. Simu yake ikaita. Akapokea. Dakika kumi za bei ya mabati, kwa sauti ya kuvukia ziwa, mimi naangalia chapati yangu inavyopoa.

Aliporudi kwangu akauliza daktari anahitaji hesabu gani. Nikachukua karatasi. Dawa ya miligramu 500 inayopungua nusu kila saa nne mwilini, baada ya saa 12 imebaki 62.5, ndiyo maana mgonjwa anaambiwa arudie dozi. "Hiyo si imeandikwa kwenye boksi?"

Nikajaribu la selimundu, maana huku Kanda ya Ziwa si ugonjwa wa kusimuliwa. Baba na mama wote wakiwa na kinasaba cha ugonjwa huo bila kuumwa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa mgonjwa. Mzee akasema haraka: "Basi wakizaa wanne, mmoja ataumwa, watatu salama." Hapana, baba. Kila mimba inaanza upya. Nikazidisha robo tatu kwa robo tatu kwa robo tatu kwa robo tatu kwenye kalkuleta: nafasi ya wote wanne kusalimika ni kama asilimia 32. Na wanaweza kuumwa wawili. Ukimwambia mama kwamba wa kwanza ameshabeba zamu ya wenzake, umemdanganya.

Akaitazama ile karatasi muda mrefu. Akavaa kofia, akaivua. "Kwa hiyo mmemruhusu au hamjamruhusu?"

Tuliachana saa 5:50. Chapati nilikuta imeliwa.

Baada ya hapo saa zinaingiliana. Kidato cha tano mchana. Mvua ya Machi juu ya bati, nikafundisha kwa kuandika tu kama bubu, chaki inanata mkononi. Zamu ya bwenini. Daladala tena, safari hii nimekaa, nikapitiliza kituo kwa usingizi nikalipa bodaboda kurudi.

Usiku, madaftari 87, hesabu ileile ya mama wa Mwaloni kwa namba tofauti. Daftari la kijana wa yule mzee nikalitambua kwa jina la ukoo. Grafu safi, rula haikuteleza, kona zote amezijaribu. Kwenye mstari wa mwisho, panapotakiwa maana ya jibu, kaandika: "Maana yake x = 9 na y = 3."

Nikaandika kwa peni nyekundu: x ni nini? Nikavuta daftari la ishirini na tisa.