Picha za Dunia Zisizofungiwa

Mwaka 2008, Marekani ilipoamua kutoa bure picha za setilaiti za Landsat, ambazo awali ziliuzwa moja moja kwa mamia ya dola, mtafiti aliyezoea kuchagua picha mbili tatu aliweza sasa kufuatilia msitu uleule mwaka hadi mwaka tangu miaka ya 1970. Ulaya nayo ikafuata kwa setilaiti za Sentinel.

Hata hivyo, kufungua mlango pekee hakutoshi. Niliwahi kulinganisha picha za setilaiti mbili tofauti, nikakuta ukingo wa mto mmoja umeachana kwa pikseli nzima, yaani kitone kimoja cha picha, sawa na mita 30 ardhini, na hesabu yangu ya eneo lililofurika ikavurugika. Ndiyo maana nawaheshimu sana wataalamu wa nchi mbalimbali wanaokaa pamoja kusawazisha vipimo vya setilaiti zao.