Na yule

"Baba, yule ni nani?"

Binti yangu aliniuliza juzi usiku, akiwa bado amepiga magoti kando ya kitanda. Ana miaka sita. Sala yake nimemfundisha mwenyewe: Mungu mlinde bibi, mlinde mama na baba, walinde wagonjwa na wasafiri, na yule. Amina. Sikuwa nimetambua kwamba nimemrithisha hata neno hilo. Mimi nililipata kwa Mjomba.

Mjomba alizaliwa Kamachumu mwaka 1937 na akafia hapohapo mwaka juzi. Katikati alilima kahawa, akapata watoto saba, akazika wawili, akawa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu wa uamsho hasa, wale ndugu wa Kilutheri wa Buhaya wanaosimama mbele ya wenzao na kuitaja dhambi kwa jina lake. Nilimsikia kwa masikio yangu, machozi yakimtoka, akitubu kwamba alinunua kwa butura kahawa ya mjane jirani yake, ingali mtini, kwa bei ya kumnyonya. Kesho yake alimpelekea yule mama magunia mawili.

Na alikuwa askari. Jeshi la Idi Amin lilipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likalipuliwa, yeye alikuwa mgambo mwenye mke na shamba. Akaenda. Hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba, ile ya uwezo, sababu na nia, aliijua kwa moyo. Alitusimulia Mutukula, akatusimulia Masaka na matope yake. Akifika Lukaya anaruka, mara tuko Kampala, watu wanashangilia barabarani. Lukaya ni pale barabara inapokatiza kwenye kinamasi, na Machi 1979 askari wa Amin pamoja na Walibya waliwarudisha wetu nyuma jioni ya kwanza, kabla hali haijageuka alfajiri ya siku ya pili. Hayo nimeyasoma. Yeye hakuniambia.

Desemba 1994 nilikuwa kwake likizo. Ulikuwa msimu wa senene. Sala ya jioni ilikuwa imekwisha, tumekaa jikoni kuzunguka ungo, karabai inanguruma, mvua inapiga bati. Tunanyonyoa mabawa na miguu, tunatupia kwenye sufuria. Nikauliza tu, kama mtoto anavyouliza:

"Mjomba, yule tunayemwombea kila siku ni nani?"

Alikuwa na senene mkononi, bawa moja limeshatoka, moja bado. Vidole vikasimama. Mkewe naye akaacha, akanitazama kwa jicho la kunionya, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Lukaya," Mjomba akasema. "Kulikuwa kunapambazuka." Akanyamaza. Nikasikia mvua yote. "Alikuwa na kiu."

"Ulimpa maji?"

Akamweka yule senene ukingoni mwa ungo, taratibu, kama kitu kinachoweza kuumia. Akainuka. Akanawa mikono kwa muda mrefu, mpaka katikati ya vidole. Akachukua kikombe cha bati, akachota maji mtungini, akaja akanipa kwa mikono miwili, mimi mtoto wa darasa la sita.

"Kunywa, mjomba."

Sikuwa na kiu. Nilikunywa yote, naye amesimama mbele yangu mpaka tone la mwisho. Maji yalikuwa na ladha ya udongo wa mtungi. Akakipokea kikombe, akakichungulia ndani, akakifunika juu ya kinu. Akarudi kukaa. Hakuna aliyesema kitu mpaka senene walipokwisha.

Sijui kama yule alikuwa Mganda, Mlibya au mwenzake mwenyewe. Sijui kama alipewa maji. Pengine kile kikombe kilikuwa ndiyo, pengine kilikuwa hapana. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kwenye mikutano ya ndugu sikuwahi kumsikia akimtaja. Kama haikuwa dhambi, mbona kila usiku? Na kama ilikuwa dhambi, mtu aliyeweza kulilia magunia ya kahawa alishindwaje?

Mwaka wake wa mwisho majina yalimtoka. Watoto wake aliwachanganya, mimi aliniita kwa jina la marehemu mdogo wake. Sala iliyokuwa ikichukua robo saa ikapungua wiki hadi wiki, wagonjwa wakatoka, wasafiri wakatoka, hata sisi tukatoka. Mara ya mwisho nilipompigisha magoti, nikimshikilia kwapani, alisema, "Bwana... na yule," akasubiri nimsaidie kuinuka.

Binti yangu nilimjibu kwamba yule ni mtu aliyekuwa na kiu. Jana nilimsikia akiomba, "na yule mwenye kiu," nikabaki nimefumba macho hata baada ya amina.