Bodi ya Street Fighter II: wapiganaji wanasikika, muziki hakuna

Muziki umerudi! Bodi ni nakala ya Street Fighter II, mchezo wa mapigano wa mashine za sarafu, ile yenye YM2151 (chipu inayotengeneza muziki), YM3012 (inayogeuza data ya YM2151 kuwa volti za sauti), MSM6295 (inayocheza sauti za wapiganaji) na TDA2003 (ampu ya spika), na ubovu ulikuwa kwenye robo moja ya LM324, chipu yenye opampu (vikuza mawimbi) nne ndani yake. Robo nyingine tatu zilikuwa nzima, ndiyo maana tatizo hili lilichosha kuliko bodi iliyokufa kabisa.

Dalili: kelele za wapiganaji safi, ngumi safi, muziki kimya bila hata mkwaruzo. Hiyo peke yake inawaondoa washukiwa wengi. MSM6295 inaamrishwa na Z80, prosesa ya sauti, ileile inayoendesha YM2151, kwa hiyo Z80, ROM yake, RAM yake na lachi inayopokea amri kutoka prosesa kuu zote ziko hai. TDA2003 hai pia: pini 5 ina volti 12, pini 4 ina volti 6, yaani nusu, kama inavyotakiwa. Mafundi wengi wangeanza kubadilisha kapasita kubwa ya spika. Hapa ni kupoteza risasi ya kulehemu bure, kwa sababu sauti za wapiganaji zinapita humohumo.

Nikahamia YM2151. Pini 24 ina mapigo ya 3.58 MHz, pini 23 inatoa nusu yake, 1.79 MHz. Pini 3 ya riseti imekaa juu. Pini 2 ya IRQ, ishara ya kuikatiza prosesa, inapiga. Kwenye bodi hizi ndiyo inayopimia programu mwendo wa muziki, ikifa usitegemee wimbo kusonga. Pini 19 na 20 zinabadilika kwa kasi ya takriban 55.9 kHz, ambayo ni 3.579545 MHz gawanya kwa 64. Pini 21, data inayokwenda YM3012, inabadilika sura muziki unapotakiwa kuanza. Hapo kalamu ya kupimia lojiki haisaidii, maana inaonyesha mapigo tu na haikwambii kama ndani ya mapigo hayo kuna wimbo.

Basi data inaingia YM3012, lakini CH1 na CH2, chaneli zake mbili za kutolea sauti, hazitoi kitu. Yeyote angesema chipu imekufa. Nikaitoa, nikaweka soketi ya pini 16 na YM3012 nyingine. Kimya kilekile. Na hapa ndipo panapouma: chipu hizi zinazouzwa leo nyingi zimefutwa maandishi na kuandikwa upya, kwa hiyo ya pili ikigoma hujui kama umeuziwa takataka au tatizo liko kwingine. Ukiweka ya tatu, shaka inabaki palepale.

Jibu liko kwenye muundo wa YM3012 yenyewe. Haitoi sauti moja kwa moja. Volti inayotengeneza inatoka nje kwanza, inapita kwenye opampu iliyofungwa kama mfuasi, halafu inarudi ndani kupitia mguu wa COM. Baada ya hapo ndipo swichi za ndani zinaigawa kwa CH1 na CH2, na kapasita ndogo nje ya kila chaneli inashikilia volti mpaka zamu yake ifike tena. Opampu hiyo ikifa, chaneli zote mbili zinakufa pamoja, na chipu nzima inaonekana mfu.

Kwenye bodi hii mfuasi ni robo ya LM324 ya pini 12, 13 na 14. Pini 12: volti 2.5 na mawimbi juu yake. Pini 14: volti 0.6, imetulia tuli. Mfuasi lazima atoe kile anachopokea, kwa hiyo hukumu imekwisha. Robo nyingine ya chipu hiyohiyo ndiyo inayopitisha sauti za MSM6295, na ndiyo iliyonifanya niiruke LM324 nzima.

Kuitoa: kata miguu yote 14, toa mmoja mmoja, kisha nyonya risasi. Usiing'oe nzima, matundu ya bodi hizi za nakala yana shaba nyembamba mno. Na tafadhali, usiweke TL084, chipu nyingine ya opampu nne, kwa sababu umeambiwa ni bora. LM324 inakubali mawimbi yanayoshuka hadi karibu na graundi, TL084 haikubali. Kwa mawimbi ya volti 2.5 bila umeme hasi, TL084 itakupa sauti iliyokwaruzika, na utaanza uchunguzi upya. TDA2003 yenyewe ikifa, usihangaike kuiagiza: ilitengenezwa kwa ajili ya redio za gari, hivyo redio mbovu za Kisekka, soko la vipuri vya magari la Kampala, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kuhusu vifaa: osiloskopu ni nzuri, ila kwa sauti naipenda zaidi ampu ndogo ya LM386 yenye spika, na kwenye ncha yake kapasita ya 0.1 µF pamoja na rezista ya kilo-ohm 100. Gusa pini 12, muziki unausikia. Gusa pini 14, kimya. Hakuna grafu inayosema wazi hivyo.

Mpango ulikuwa kubadilisha kapasita zote za sehemu ya sauti na kukagua pini 7 ya MSM6295, ile inayochagua kugawanya mapigo yake kwa 132 au 165. (Wapiganaji wakiongea polepole na kwa sauti nzito, anzia hapo.) Umeahirishwa, kwa sababu chipu za YM za mashaka, YM2151 na YM3012, zinahitaji kipimo chao kabla ya kugusa bodi yoyote. Arduino Nano, bodi ndogo ya kuprogramu, inatosha: waya nane za data kwenda YM2151, kisha pini zake za udhibiti A0, WR, CS na IC, RD inafungwa kwenye volti 5. Kristali ya 3.579545 MHz inapatikana ndani ya simu za zamani za mezani za vitufe, na 74HCU04 inaifanya ipige. Usichukue ile ya 4.43 MHz kutoka televisheni ya PAL: inazidi kasi iliyokusudiwa kwa chipu hii, na noti zitapanda karibu nusutoni nne.

Baada ya kila data subiri kama maikrosekunde 20 kabla ya kuandika nyingine. Na biti 6 na 7 za rejista 0x20 ziwe 1, la sivyo chaneli ya kwanza haitumwi kushoto wala kulia, na YM2151 nzima kabisa itakaa kimya kama feki.