Nesi wa sebuleni 😂

Jamani mtihani wa CNA (msaidizi wa nesi mwenye cheti) ni Jumamosi huku Texas, so leo nimetoka shifti moja kwa moja nikamlaza baba watoto kwenye kochi awe mgonjwa.

Nikabisha hodi, nikajitambulisha, nikanawa mikono sekunde 20, shuka ndo pazia.

Ikafika mapigo ya moyo. Vidole kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima, maana siku ya mtihani msimamizi naye anahesabu na mkipishana zaidi ya mapigo 4 alama imeenda. Mi nimekaza macho kwenye saa, nasikia kasauti kanyonge "nesi, nitapona kweli?"

Nilicheka hadi hesabu ikapotea yote 😭 na mkono wake wala sikuuachia

Mlioshapita, kumvalisha mgonjwa, ule upande dhaifu kwanza, mlikuwa mnakumbukaje?