Kabla ya kuuliza karati ngapi, uliza almasi ilikatwa namna gani

Kila mara mtu wa familia ao rafiki akitaka kununua pete ya uchumba, swali la kwanza ni lile lile, karati ngapi, na bei ngapi kwa karati moja. Mimi nasema hapana. Swali la kwanza ni ile jiwe ilikatwa namna gani, juu ule mwangaza wote wenye unapenda kwenye almasi, ule wa kurukaruka kila mkono ukisogea, umetoka kwa fundi mwenye alikata, karati hainaga kazi yoyote pale. Karati ni uzito, gramu 0.2, basi.

Naelewa kwa nini tunauliza hivyo huku Lubumbashi. Sisi ni watu wa shaba, tumekomalia kwenye mizani, madini kwetu ni tani na asilimia, ukishajua uzito na ubora wa mchanga wake umeshajua bei. Hata malakiti yenye wanachongea shanga na visanduku, fundi akiwa mzuri ao mbaya ule ukijani wake unabaki palepale kwa sababu mwangaza haupitagi ndani. Almasi haiko vile. Almasi inafungulia mwangaza mlango wa juu, inauzungusha ndani, halafu inaurudisha kwa macho yako, na kama njia ya ndani imepangwa vibaya haurudi, hata jiwe ikuwe safi namna gani na nyeupe namna gani.

Ngoja niseme inafanyaka namna gani, juu hapa njo penye watu wanaruka haraka na hapa njo penye pesa inapotelea. Mwangaza ukiingia kwenye almasi mwendo wake unapungua mara 2.4 hivi, na unapinda sana. Ukifika kwenye uso wa ndani, kuna pembe moja yenye inaamua kila kitu, digri 24.4, ukihesabu kutoka mstari wenye umesimama wima juu ya ule uso. Ukigonga na pembe yenye kupita hapo, hauwezi kutoka, unarudishwa wote ndani. Ukigonga na pembe ya chini ya hapo, unapita unaenda zako. Kazi ya fundi njo hiyo, kupanga nyuso za chini ili mwangaza wenye umeingia kwa juu ugonge upande mmoja, ugonge upande wa pili, halafu urudi juu mpaka kwenye macho yako. Akifanya sehemu ya chini bapa sana, mwangaza unatobokea chini. Akiifanya ndefu sana, unatorokea kando. Jiwe ya namna hiyo ni kuchota maji na kitunga, unamimina mwangaza wote wa jua pale na hakuna kitu inabaki.

Kuna mtu aliipiga hesabu zamani sana, Marcel Tolkowsky, kijana wa familia ya wakata almasi wa Antwerp kule Ubelgiji, mwaka 1919. Kwa jiwe ya mviringo alisema meza, maana yake ule uso bapa wa juu kabisa, ikuwe na upana wa asilimia 53 ya jiwe nzima, pembe za sehemu ya juu digri 34.5, na za sehemu ya chini digri 40.75. Leo mafundi wameachana kidogo na hesabu zake, meza wanaipanua zaidi, lakini ukiangalia almasi nzuri za leo bado zinazunguka palepale. Ukitaka namba za kutembea nazo mfukoni, mimi natafuta meza ya asilimia 54 mpaka 58 ya upana wa jiwe, urefu wa jiwe nzima kutoka juu mpaka chini asilimia 60 mpaka 62 ya upana huo huo, pembe ya juu digri 34 mpaka 35, pembe ya chini digri 40.6 mpaka 41. Na hizi pembe mbili zinasaidiana, ya juu ikipanda kidogo ya chini ishuke kidogo, zikipanda zote mbili pamoja jiwe inakuwa nzito na inalala usingizi.

Tulienda na mdogo wangu kumutafutia mchumba wake pete, kwa bijutri moja hapa mjini, na mwenye duka, papa mmoja mwenye heshima sana, akatutolea mawe mawili juu ya karatasi nyeupe. Moja karati 1.01, ingine 0.90. Chini ya zile taa zake ndogo za dari zote mbili ziliwaka moto, na mdogo wangu mkono ulikuwa umeshafika kwenye ile ya 1.01, unajua vile namba 1 inavuta mtu. Kabla hajasema kitu umeme ukakatika. Grupu, ile mashini ya umeme, ilikuwa bado kuwashwa, tukabaki na mwangaza wa mlangoni tu, ule wa saa kumi, wa kivulini, na pale mawe yakaachana. Ile ya 0.90 ilibaki inacheza, vipande vyeupe na vyeusi vinabadilishana nafasi kila papa akisogeza karatasi, na mara mojamoja cheche ya bluu ao ya machungwa. Ile ya 1.01 ikazima katikati. Duara nyeusi chini ya meza, imetulia, ukiinamisha jiwe bado iko palepale.

Nikamwambia, "Papa, tafazali, tunaweza kuona makaratasi yao?"

"Hakuna shida mama, muangalie muzuri, miye siuzishake kitu ya kuficha."

Na kweli kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale. Ile kubwa urefu wake asilimia 66, na ukingo wa katikati mnene sana. Ya 0.90, asilimia 61.3. Halafu angalia upana, hapa njo nilimuonyesha mdogo wangu kwa kidole, zote mbili milimita 6.2. Ukiziangalia kwa juu zikiwa kwenye pete, hakuna mtu kanisani atasema hii ni kubwa na hii ni ndogo. Ile 0.11 ya karati yenye ulikuwa unaenda kulipia imejificha chini, ndani ya chuma cha pete, kazi yake ni kuharibu njia ya mwangaza. Karati 1 yenye imekatwa sawasawa inafika milimita 6.5 hivi, kwa hiyo ukiona 1 yenye iko 6.2 jua uzito umefichwa mahali.

Wanafanya hivyo juu ya nini? Juu ya bei. Jiwe mbichi ikikatwa vizuri inapoteza mara nyingi nusu ya uzito wake, na kupita, na bei kwenye soko inaruka ukifika karati 1 kamili, haipandi polepole. Basi fundi mwenye ana jiwe mbichi yenye ingetoa 0.90 nzuri, anaangalia, anaona akiacha tumbo kidogo anafika 1.01, na anajua mnunuzi atauliza karati ngapi. Siwezi kumtukana, anauza kile chenye tunauliza. Tukianza kuuliza kingine atakata kingine.

Sisi Wakongomani hii jambo tungepaswa kuijua kuliko watu wengi. Mwaka 1984 kule Mbuji-Mayi msichana mdogo aliokota jiwe ya karati 890 kwenye rundo la mabaki yenye yalikuwa yametupwa na mgodi, maana yake ilipita mbele ya macho ya watu na wakaiacha, juu almasi mbichi haing'aagi, iko na ngozi ya ukungu ukungu, inafanana na changarawe tu. Ikakatwa, ikatoa jiwe moja ya karati 407.48 na zingine ndogo, ile kubwa wakaiita Incomparable. Na mwaka 1990 eneo hilo hilo likatoa ingine ya karati 777, hiyo njo Millennium Star, kazi ya kuikata ilichukua miaka, na mwisho ilibakia karati 203.04. Fikiria. Walitupa karibu robo tatu ya uzito, wenye ile jiwe, watu wenye wanajua bei ya kila karati kuliko mimi na wewe, kwa sababu walitaka mwangaza. Baba yangu mdogo mwenye aliishi miaka mingi Mbuji-Mayi anasemaka uzuri wa diama hautokagi kwenye shimo, unatokaga kwenye gurudumu la kusugulia, na mimi naona iko sawa kabisa.

Rangi na usafi, nitapita haraka. Rangi inaanza D, yenye haina rangi kabisa, mpaka Z, yenye iko na umanjano, usipoteze dola zako kutafuta D, chukua G ao H, jiwe yenye imekatwa vizuri inarudisha mwangaza mingi mpaka ule umanjano kidogo hauonekani. Usafi, kama doa halionekani bila lupu, ile lenzi ndogo ya kukuza, wachana nalo. Pesa yenye umeokoa hapo, weka yote kwenye ukataji. Ukiona sertifika ya GIA, maabara ya Marekani yenye inapima almasi, tangu mwaka 2006 wanaweka alama ya ukataji kwa mawe ya mviringo, hatua 5, ya juu kabisa ni Excellent, na mimi nisingeshuka chini ya hiyo. Lakini hata ndani ya Excellent kuna mazuri na kuna yenye yameponea mlangoni, njo maana bado uangalie zile pembe.

Umbo la yai, la peya, la mraba, hapo sertifika ya GIA haikupi ile alama ya ukataji kabisa, kwa hiyo macho yako njo sertifika. Kwa yai na peya angalia katikati, mara nyingi kuna kivuli chenye kina umbo la tai ya kipepeo, ile ya shingoni, kila moja inacho kidogo, lakini kama kinakaa tu hakisogei hata ukigeuza jiwe, rudisha. Almasi za kutengenezwa kwenye maabara zinafuata sheria ile ile, ni almasi, pembe ni zile zile, mbaya ikikatwa vibaya. Na mtu akikuonyesha jiwe yenye inatapika rangi za upinde wa mvua kila upande hata kwenye mwangaza mdogo, uliza vizuri, moisanaiti, jiwe ingine yenye inafanana na almasi, inatawanya rangi mara mbili na kupita kuliko almasi, ni jiwe nzuri lakini bei yake haifanani.

Usichague chini ya taa za duka. Zile taa ndogo ndogo zinafanya hata kipande cha chupa kijisikie. Omba kwa heshima utoke na mwenye duka mpaka mlangoni, kaa kivulini, shika jiwe umbali wenye utakuwa unaiangaliaka kila siku, inamisha polepole kushoto na kulia. Unatafuta vitu vitatu, weupe wenye unajaza jiwe nzima mpaka ukingoni, cheche za rangi, na ule mchezo wa vipande kuwaka na kuzima wakati inatembea. Kukiwa na duara nyeusi katikati yenye haihami, sehemu ya chini ni ndefu sana. Ukiona pete nyeupe ya ukungu inazunguka ndani ya meza, inafanana na jicho la samaki, chini ni bapa sana. Fanya ile bila haraka, muuzaji mzuri hatakasirika.

Mdogo wangu alichukua 0.90. Na kwa mchumba wake nilimpa neno moja, juu huku kwetu kuna vumbi nyekundu ya kiangazi na kuna mafuta ya ngazi, yale mawese, jikoni, na almasi inapenda mafuta sana, inayavuta. Yakijipaka chini ya jiwe, ile pembe ya 24.4 inapanda inafika 37 hivi, juu sasa mwangaza haukutani na hewa, unakutana na mafuta, na mwingi wenye ulikuwa unarudi unaanza kutoka. Jiwe ya Excellent inageuka ya kawaida kwa wiki moja ya kupika. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, brosi ya meno laini, na usugue kwa nyuma, chini ya jiwe, siyo juu peke yake. Fanyia ndani ya bakuli, usifanyie juu ya lavabo, ile sinki. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, hapana, inaharibu dhahabu.